Sura ya Tatu: Nimeambiwa Nina Sukari, Je, Niache Ugali?

Katika maswali yote ya chakula ninayoulizwa, hili ndilo linalorudi mara nyingi kuliko mengine. Huulizwa na mama aliyetoka kliniki, karatasi ya vipimo ikiwa bado mkononi. Huulizwa na dereva wa lori anayeona mkanda wake ukiongezwa tundu kila mwaka. Huulizwa hata na kijana asiyeumwa chochote ambaye anataka tu kupunguza tumbo. Maneno hubadilika, lakini hofu ni moja: kwamba chakula kilichotulea ndicho kinachotumaliza.

Hofu hiyo nimeiona kwa karibu nyumbani kwetu. Shangazi yangu aligundulika kuwa na kisukari akiwa amevuka miaka 60. Miezi miwili baadaye nilipita kumjulia hali, nikamkuta ndiyo kwanza anaketi kula chakula cha mchana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umenikuta na chakula, nawa mikono."

Mbele yake palikuwa na ugali wa dona uliojaa sahani ukingo hadi ukingo, umesimama kama kichuguu. Pembeni, kwenye kibakuli kidogo, mchicha wa kutosha matonge matano. Nikamuuliza sukari inaendeleaje.

"Haishuki, mwanangu. Na sembe nimeacha kabisa, nakula dona tu. Si walisema dona ni dawa?"

Shangazi hakuwa mkaidi. Alifuata ushauri kwa uaminifu wote, ila ushauri wenyewe ulimfikia nusu. Sura hii ni ile nusu iliyobaki.

Jibu fupi la swali letu ni hapana, usiache ugali. Lakini usiendelee kuula kama unavyoula sasa. Tatizo liko katika mambo matatu: kiasi tunachopakua, kile kinachoondolewa mahindi yakiwa mashineni, na kile kinachokosekana pembeni ya ugali kwenye sahani. Tuyachukue moja baada ya jingine, tukianza na safari ya tonge lenyewe.

Tonge likishamezwa, huenda wapi?

Ugali ni wanga. Wanga ni chakula cha kutia nguvu kinachopatikana kwenye nafaka, mihogo, viazi na ndizi za kupika. Ukifika kwenye utumbo, wanga huvunjwavunjwa hadi ukawa glukosi, yaani sukari nyepesi inayoingia kwenye damu. Ndiyo maana mtu aliyeacha sukari kwenye chai anaweza bado kupima na kukuta sukari iko juu. Ugali, wali, chapati na viazi havina utamu wa sukari ulimini, lakini ndani ya mwili vyote huishia kuwa glukosi.

Glukosi si adui. Ubongo unaoisoma sentensi hii unaitumia sasa hivi. Shida ni wingi wake kwa wakati mmoja.

Fikiria stendi ya daladala saa kumi na moja jioni. Abiria ni glukosi. Magari ni seli, yaani vyumba vidogo mno vinavyojenga misuli, ini na viungo vingine. Konda anayefungua milango na kuita abiria ni insulini, kichocheo kinachotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Abiria wakija kwa vikundi vidogo, konda anapakia, magari yanaondoka, stendi inabaki na nafasi. Wakimiminika mia tano kwa mpigo, stendi hufurika hata konda awe hodari namna gani.

Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, milango ya magari imekuwa migumu na konda naye amechoka. Abiria wanabaki stendi. Miaka ikipita, glukosi hiyo iliyosongamana kwenye damu huharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu, pamoja na mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Kisukari cha aina ya kwanza ni kingine: mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kongosho linakuwa limeacha karibu kabisa kutengeneza insulini, na mgonjwa hawezi kuishi bila sindano zake.

Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, namba kwenye mashine husomwa hivi, kwa milimoli kwa lita, kipimo kinachotumika katika hospitali zetu:

- Chini ya 6.1: sukari iko sawa.
- 6.1 hadi 6.9: onyo. Bado hujafikia kisukari, lakini uko njiani.
- 7.0 au zaidi, kipimo kikirudiwa na kuthibitishwa: ni kisukari.

*Kwa ufupi: Kila wanga hugeuka glukosi. Mwili unaimudu ikija kidogo kidogo na unalemewa ikija kwa mafuriko.*

Kilo moja, watu wanne

Katika nyumba nyingi, kilo moja ya unga husongwa kwa watu wanne. Tufanye hesabu. Kila mmoja amepata gramu 250 za unga mkavu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360, na kalori ndicho kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Kwa hiyo ugali peke yake, kabla ya mboga na mafuta, umempa kila mmoja kalori 900. Mtu mzima wa shughuli za kawaida huhitaji kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima. Akirudia ugali uleule usiku, amefikia 1,800 kwa unga mtupu, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, chapati, maandazi wala soda.

Hapo ndipo wengi huniambia: "Mbona babu zetu walikula hivyohivyo wakafikisha miaka tisini?" Ni hoja ya haki na inastahili jibu. Babu alishika jembe tangu alfajiri hadi jua la utosi. Bibi alikwenda mtoni na kurudi na ndoo kichwani, akatwanga, akachanja kuni. Sahani ile ilikuwa malipo ya kazi ile. Mjukuu wao anatoka nyumbani kwa bodaboda, anakaa dukani au ofisini mpaka jioni, anarudi kwa daladala. Amerithi sahani bila kurithi jembe.

Kwa hiyo mkulima msimu wa palizi, mbeba mizigo sokoni na fundi mwashi juu ya ngazi wanahitaji ugali mwingi kuliko karani. Sahani moja haiwezi kuwa sawa kwa wote, hata ndani ya nyumba moja.

Dona na sembe: yanayotokea mashineni

Simama siku moja kwenye mashine ya nafaka uangalie. Mahindi yanamiminwa kwanza kwenye mashine ya kukoboa. Upande mmoja zinatoka punje nyeupe zilizovuliwa ganda. Hizo zikisagwa ndiyo sembe. Upande mwingine zinamwagika pumba. Chukua pumba kidogo uzifikiche kiganjani: utaona vidole vinabaki na mafuta, na utasikia harufu tamu ya hindi lenyewe. Jioni anakuja mfugaji na pikipiki, anapakia viroba vyake vya pumba na kuondoka. Kuku na ng'ombe wamepewa kile tulichokitoa kwenye chakula chetu.

Punje ya hindi ina sehemu tatu:

- Ganda. Hapa ndipo zilipo nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Hupunguza kasi ya glukosi kuingia kwenye damu, hushibisha, na hulainisha choo.
- Kiini. Ni ile sehemu ndogo chini ya punje ambayo ndiyo ingeota kuwa mche. Ina mafuta mazuri, vitamini na madini.
- Sehemu nyeupe ya katikati. Hii ni ghala la wanga.

Dona ni punje nzima imesagwa. Sembe kwa sehemu kubwa ni ghala la wanga peke yake. Gramu 100 za unga usiokobolewa zina nyuzinyuzi kama gramu 7; ukishakoboa na kuondoa kiini, hubaki karibu nusu yake, na ukikoboa mara mbili ili unga uwe mweupe zaidi hupungua tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa nyumba inayokula ugali kila siku, kubadili unga ni hatua kubwa.

Lakini sasa sikiliza nusu ambayo shangazi hakuisikia. Kalori za dona na za sembe zinakaribiana sana. Wanga wa dona nao hugeuka glukosi vilevile, ila kwa mwendo wa polepole kiasi. Dona ni unga bora, na unga bora ukizidishwa umezidi. Mlima wa dona ni mlima bado.

Na mwenye kununua sembe ya paketi afanyeje? Asome paketi. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011, na Kenya ikaufanya urutubishaji wa unga wa paketi kuwa lazima mwaka 2012. Unga uliorutubishwa huongezwa madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini kama asidi ya foliki, ambayo humkinga mtoto aliye tumboni asizaliwe na kasoro za uti wa mgongo. Hilo ni jambo jema, hasa kwa wajawazito. Lakini nyuzinyuzi haziongezwi. Anayekula sembe iliyorutubishwa azitafute kwenye maharage, mboga na matunda.

*Kwa ufupi: Chagua dona ukiweza. Ukila sembe, chagua iliyorutubishwa. Lakini usiruhusu jina la unga likusahaulishe ukubwa wa sahani.*

Ugali hauliwi mkavu

Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji kusini mwa Malawi, watu walianza kutoka vidonda vya ajabu. Ngozi ilibabuka na kuwa nyeusi sehemu zote zinazopigwa na jua: shingoni, usoni, mikononi. Wengine waliharisha, wengine akili zikavurugika. Katika miezi michache waliugua karibu watu 18,000. Hawakuwa wakilala njaa. Walikuwa wakila mahindi kila siku. Kilichopotea kwenye mgao wao kilikuwa karanga.

Ugonjwa huo huitwa pelagra, na husababishwa na ukosefu wa niasini, moja ya vitamini za kundi B. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Wenyeji wa Meksiko, ambako mahindi yalianza kulimwa, walilitatua hilo tangu kale kwa kuyachemsha na chokaa au majivu. Wareno walipoyasafirisha mahindi kuvuka bahari, yakafika hadi pwani yetu, maarifa hayo hayakuja nayo. Kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, maskini walioishi kwa unga wa mahindi waliugua pelagra kwa maelfu, na wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa huko mwaka 1914, alionyesha kuwa sivyo. Katika vituo vya yatima aliongeza maziwa, mayai, nyama na maharage kwenye chakula cha watoto, na ugonjwa ukatoweka.

Simulizi hii siileti kutisha. Watu wetu wengi hawatapata pelagra, kwa sababu moja tu: hatukuzoea kula ugali mkavu. Mahindi ni mgeni hapa kwetu, yalitanguliwa na mtama, uwele na ulezi, lakini jikoni kwetu yalipewa wenzake: ugali na dagaa, ugali na mlenda, ugali na kisamvu cha karanga. Kule Bukavu ni bugali na sombe. Kenya ni ugali na sukuma wiki. Desturi hiyo ni elimu ya lishe iliyopokezwa kutoka jikoni hadi jikoni.

Sasa chukua makande, au githeri kama wanavyoita wenzetu wa Kenya. Protini, chakula kinachojenga mwili, hujengwa kwa vipande vidogo kama nyumba inavyojengwa kwa matofali ya aina mbalimbali. Mahindi yana upungufu wa tofali moja muhimu liitwalo lisini. Maharage yanalo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa tofali jingine ambalo mahindi yanalo. Yakikutana kwenye sufuria moja, nyumba inakamilika. Bibi aliyechanganya hivyo hakuwa na maabara, na alikuwa sahihi.

Kinachotuumiza leo ni kwamba mlima umebaki na wenzake wamepungua. Mboga imekuwa ya kulowanishia tonge, maharage yamebaki mchuzi, dagaa wamegeuka chakula cha aibu, na karanga zimekuwa za kutafuna barabarani. Hela ikiwa ndogo, tunapunguza mboga na kuongeza unga. Naelewa kwa nini: unga unashibisha kwa bei nafuu. Lakini matembele, mchicha, majani ya maboga, mnafu na dagaa bado ni miongoni mwa vyakula vya bei nafuu zaidi sokoni, na fungu moja la mchicha linaweza kuota kwenye gunia la udongo nyuma ya nyumba.

Jambo moja dogo lenye faida kubwa: kamulia limau au ndimu kwenye maharage na mboga za majani, au kula chungwa baada ya mlo. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume chake, hivyo iache ikae kama saa moja kabla au baada ya chakula.

Dona safi, si dona yoyote

Ningekuwa nimekudanganya kama ningekusifia dona nikanyamaza hapo. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na aina fulani za kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwadhuru watu 317 na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 20 walifariki. Hiyo ni sumu iliyoingia kwa wingi kwa mpigo. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huchangia saratani ya ini.

Sumu hii hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa hupunguza sehemu yake. Kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Na kupika hakuiondoi: inavumilia moto wa kusonga ugali bila shida. Ulinzi uko kabla ya kusaga:

1. Kausha juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu. Punje iliyokauka vizuri huvunjika kwa mlio ukiiuma. Ikibonyea bado ina maji.
2. Chambua kwa mkono kabla ya kupeleka mashineni. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, na zilizosinyaa. Uchambuzi wa ungo mmoja huondoa sehemu kubwa ya sumu.
3. Hifadhi pakavu, magunia yakiwa juu ya mbao na mbali na ukuta. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, inayouzwa kwa ajili ya nafaka, inasaidia sana ikiwa mahindi yamekauka kweli.
4. Saga kidogo kidogo. Mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uchache upesi. Ukiona uchungu ulimini au harufu ya mafuta ya zamani, uache.
5. Usiwape mifugo mahindi yaliyooza. Sumu humfuata ng'ombe na kutokea kwenye maziwa.

Kama unanunua dona iliyosagwa tayari na hujui mahindi yalikotoka, ni heri ununue mahindi, uyachambue mwenyewe, kisha uyapeleke mashineni.

Mizani uliyozaliwa nayo

Watu wengi hukata tamaa wakisikia habari za kupima chakula kwa gramu. Huhitaji mizani. Una mikono, na mikono yako inalingana na mwili wako: mwenye mwili mkubwa ana ngumi kubwa. Pakua hivi:

- Ugali, wali, viazi au ndizi: ukubwa wa ngumi yako moja. Mwenye kazi ya nguvu anaweza kufika mbili.
- Mboga za majani na kachumbari: kadiri ya viganja viwili vilivyojaa, zichukue nusu ya sahani.
- Maharage, dagaa, samaki, yai au nyama: ukubwa wa kiganja bila vidole.
- Mafuta ya kupikia: kadiri ya ncha ya kidole gumba kwa kila mlaji.
- Tunda: moja lenye ukubwa wa ngumi, liliwe zima. Juisi imeacha nyuzinyuzi nyuma na kubeba sukari.

Anza kula mboga na kitoweo, kisha ugali. Imeonekana kwamba mpangilio huu peke yake hufanya sukari ipande taratibu baada ya mlo. Kula polepole pia, kwani tumbo huchukua kama dakika 20 kuutaarifu ubongo kuwa limeshiba.

Kisha angalia kikombe. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo vijiko vinane vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vina vijiko tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 12 kwa siku, na ikiwezekana isizidi sita. Wako watu wengi wanaolaumu ugali wa mchana ilhali sukari yao imepandishwa tangu asubuhi na chai.

Mwisho, tembea. Turudi stendi: misuli inayofanya kazi hufungua milango yake na kuchukua glukosi hata bila kumsubiri konda. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya kula hushusha sukari ya mlo huo. Kwa wiki, lengo ni angalau dakika 150 za mwendo unaokufanya uheme kidogo lakini uweze bado kuzungumza. Kwenda sokoni kwa miguu kunahesabika. Kulima bustani kunahesabika.

Onyo kwa wanaotumia dawa. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usipunguze chakula ghafla bila kuzungumza na kliniki yako, maana dozi yako ilipangwa kulingana na ulivyokuwa unakula. Jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka mno. Lamba sukari au kunywa kitu kitamu mara moja, kisha tafuta msaada. Na vipimo hivi vya ngumi ni vya watu wazima: mtoto anayekua na mama anayenyonyesha wana mahitaji yao.

Maswali madogo yanayofuata

*Nikihamia ugali wa mtama, ulezi au muhogo?* Mtama na ulezi visivyokobolewa ni vizuri sana, na ulezi una kalsiamu nyingi, madini ya mifupa. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo mno, hivyo unahitaji kitoweo zaidi. Lakini kipimo hakibadiliki: ngumi ni ngumi.

*Je, kula usiku kunanenepesha?* Kinachonenepesha ni jumla ya siku. Ila mlo mkubwa unaofuatwa na usingizi hauna misuli ya kuutumia. Mlo mkubwa uwe mchana, na usiku upunguze.

*Uji wa asubuhi je?* Uji wa dona au ulezi usiotiwa sukari, wenye karanga zilizosagwa au maziwa, ni mwanzo mzuri wa siku. Wenye vijiko vinne vya sukari umeharibika.

Sahani ya shangazi

Siku ile sikumwondolea shangazi sahani. Nilimwomba akunje ngumi aiweke kando ya ugali wake. Ngumi yake ndogo, iliyokomazwa na jembe, ilionekana kama jiwe chini ya kilima. Alitazama kimya, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nakula za watu watatu."

Hatukubadili soko wala jiko. Ugali ulibaki wa dona, mahindi akiyachambua mwenyewe kwenye ungo. Sehemu ya hela ya unga ilihamia kwenye mchicha, maharage na dagaa. Sukari kwenye chai iliondoka. Kila baada ya chakula cha mchana akawa anatembea hadi kwa jirani yake na kurudi. Aliwaeleza wahudumu wa kliniki anachobadili, na dawa zake aliendelea kuzimeza kama alivyoelekezwa. Miezi mitatu baadaye namba zilianza kushuka, na hadi leo anakula ugali kila siku ya Mungu.

Ugali haukutukosea. Sisi ndio tuliouvua ganda, tukaunyima wenzake, kisha tukaurundika. Kwa hiyo leo jioni, kabla hujapakua, kunja ngumi yako uiweke juu ya sahani. Pakua ugali kwa kipimo hicho, nafasi iliyobaki ijaze mboga na kitoweo. Na kama hujapimwa sukari mwaka huu, nenda kapimwe wiki hii. Kipimo ni tone moja la damu.